Luthuli Avenue: Itoe simu juani kabla hujatoa pesa

IWAPO unatoka upande wa Hilton, vuka Moi Avenue. (Hoteli yenyewe ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2022, lakini sisi wakazi wa Nairobi tungali tunaahidiana kukutana "pale Hilton" na hakuna anayepotea.) Pita kando ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, uisalimu sanamu ya Tom Mboya, kisha ufuate barabara yenye jina lake huku ukitega sikio. Kabla hujasoma kibao chochote utasikia muziki wa aina tatu ukishindana. Hapo, msomaji, umefika Luthuli Avenue.

Barabara hii si ndefu. Inaanzia Tom Mboya Street na kuishia River Road, na mtu asiye na mzigo anaweza kuimaliza kwa dakika chache, bora tu asishikwe mkono na wauzaji. Jina lake ni la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, ile ya mwaka 1960. Sidhani wengi wanaopita hapa hukumbuka hayo. Waliokulia jijini katika miaka ya 1980 na 1990 wanaijua Luthuli kwa redio kubwa za kaseti na spika za matatu. Watoto wao wanaijua kwa simu.

Mnamo 2019 barabara ilifanyiwa ukarabati. Magari yakaruhusiwa kwenda upande mmoja tu, na njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa. Jambo hilo lilinifaa siku ninayotaka kukusimulia, kwa sababu nilihitaji mahali pa kusimama juani nikiwa na simu mbili mkononi bila kugongwa na mkokoteni.

Nilikwenda huko Jumamosi moja ya mwisho wa Februari, nikiwa na shangazi yangu. Yeye huuza mboga na matunda kando ya barabara kule Githurai. Mwavuli anao, lakini ni wa sukuma wiki, si wake. Yeye hukaa juani tangu asubuhi hadi jioni. Kama wachuuzi wote wa siku hizi hulipwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007 na ambayo sasa imemfanya mteja mwenye sarafu mfukoni kuwa kama mgeni wa heshima. Kwa hivyo kazi yake inategemea kusoma ujumbe. Pesa zimeingia, au hazijaingia.

Simu aliyokuwa nayo nilimnunulia mimi. Niliinunua jioni, ndani ya duka lenye taa nyingi, nikavutiwa na jinsi picha zilivyong'aa. Sikuwaza juu ya jua hata kidogo. Siku moja mteja akamchukulia viazi, vitunguu na ndizi za Sh2,300, akamwambia, "Nimetuma, mama." Simu ikalia. Shangazi akainama, akaifunika kwa leso, akaona kivuli cha maandishi, akaitikia kwa kichwa. Jioni alipofika nyumbani akasoma vizuri chini ya taa. Ulikuwa ujumbe wa matangazo.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, ile simu yako haipendi jua." Hayo maneno "simu yako" yaliniuma kuliko ile Sh2,300.

Basi akaweka akiba, akafunga Sh15,000 katika pindo la leso, akanipigia tukutane mjini. Safari hii alitaka kuwapo mwenyewe.

Ukiingia katika maduka ya Luthuli, tazama kwanza kile unachoonyeshwa. Simu nyingi zilizopangwa katika makabati si simu. Ni plastiki tupu yenye karatasi iliyobandikwa mahali pa kioo, na rangi unazoziona ni za mchapishaji wa karatasi hiyo. Zile chache zilizo hai huwa zinaonyesha filamu fupi inayojirudia: samaki wa baharini, wino ukimwagika ndani ya maji, mkufu wa dhahabu juu ya kitambaa cheusi. Filamu hizo zimechaguliwa kwa makusudi. Kitu kinachong'aa juu ya weusi hupendeza katika karibu kioo chochote. Hakuna duka linaloonyesha ujumbe wa benki, ukurasa mweupe wa masomo, au sura ya mtoto aliyepigwa picha jikoni, ilhali hayo ndiyo utakayoyatazama kila siku.

Kijana wa duka alituwekea simu mbili mezani. Moja ilikuwa ya Sh13,500, nyingine ya Sh18,500. Katika sanduku la kwanza kuliandikwa IPS LCD, na katika la pili AMOLED, pamoja na tarakimu kubwa: niti 1,800.

Herufi hizo zinakutisha bure. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake, inayowaka yote kwa pamoja, na mbele ya taa hiyo kuna vijidirisha vidogo sana vinavyofunguka na kufunga ili kupitisha rangi. Palipo na weusi dirisha hufungwa, lakini mwanga kidogo huvuja, na ndiyo sababu weusi wake huwa wa kijivujivu. AMOLED haina taa ya nyuma. Kila nukta hujiwakia yenyewe, na penye weusi nukta huzimika kabisa. Msingi wake uliwekwa na watafiti wawili wa kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani, Ching Tang na Steven Van Slyke, waliochapisha kazi yao mwaka 1987. Ukitaka kujua kama muuzaji anakwambia kweli, fungua picha nyeusi tupu na uiweke simu ndani ya koti. LCD itaonekana kuwaka kwa mbali. AMOLED utadhani imezimwa.

Niti nayo ni kipimo cha mwangaza. Fikiria mwanga wa mshumaa mmoja ulioenezwa juu ya eneo la mita moja mraba. Hiyo ndiyo niti moja, kwa makadirio. Vioo vingi vya LCD vya bei nafuu hutoa kati ya niti 400 na 600. Simu za bei ya juu zimefika mbali: iPhone 14 Pro ya mwaka 2022 ilitangazwa kufika niti 2,000 ikiwa nje juani, na Samsung Galaxy S24 Ultra ya 2024 niti 2,600.

Mle dukani hapakuwa na mashindano. AMOLED iliiacha ile nyingine mbali kama harusi na matanga. Mimi nikawa tayari kusema tulipe.

"Mimi siuzi mboga dukani," alisema shangazi. "Twende nje."

Sasa hapa, msomaji, ndipo penye mtihani wa kununua simu katika jiji letu. Simu haitoki nje ya duka. Wauzaji wana sababu zao, na huwezi kuwalaumu. Kuna watu wengi waliotoka "kuangalia tu" na hawakurudi hadi leo. Tulikuwa tumekwisha kataliwa katika maduka mawili. Katika hili la tatu nilitoa kitambulisho changu, nikakiweka juu ya meza, nikamwomba kijana atoke nasi akizishika simu mwenyewe. Alimtazama shangazi, akatazama kitambulisho, akacheka. "Haya mathe, twende tukaote jua." Muuzaji akikukatalia hata hilo, nenda duka la pili. Yako mengi.

Tulisimama kando ya njia, saa saba kasoro mchana, jua likiwa karibu utosini. Na hapo nikapata mshangao. Ile ya AMOLED, iliyokuwa ikiringa dukani, ilikuwa nyeusi kuliko ile ya Sh13,500! Tuliziongeza mwangaza zote mbili hadi mwisho. Bado. Shangazi akanitazama jicho moja, kama mtu anayesema kwamba mwanamume wa kwenda shule ni wewe.

Kosa lilikuwa letu. Simu nyingi za siku hizi huficha nguvu yao ya mwisho. Ukiongeza mwangaza kwa kidole, unafika mahali fulani tu. Nguvu iliyobaki hufunguliwa na simu yenyewe ikiwa umeiruhusu kujirekebisha mwangaza, na ikiwa kihisi kidogo kilicho upande wa juu kimeona kwamba kweli kuna jua kali. Wenye maduka mara nyingi huzima sehemu hiyo ili simu zao ziwake sawa mchana kutwa. Tuliingia katika mipangilio, tukawasha mwangaza wa kujirekebisha, tukasubiri. Baada ya sekunde chache kioo kikaruka kama mtu aliyemwagiwa maji. Maandishi yakasomeka. Kijana mwenyewe alishangaa. Alikuwa ameuza simu hiyo mwezi mzima bila kuiona ikifanya hivyo.

Kwa nini jua lina nguvu kiasi hicho? Ofisini au dukani, mwanga unaoangukia meza huwa kama laksi 500. Nje, adhuhuri isiyo na mawingu, hufika laksi 100,000. Hiyo ni mara 200, ilhali hakuna simu inayoweza kuongeza mwangaza wake mara 200 kwa kuwa umetoka mlangoni. Isitoshe, kioo hurudisha sehemu ya mwanga huo machoni pako. Unaona anga, mwavuli wa jirani na uso wako mwenyewe. Ule weusi uliouonea fahari dukani huoshwa na kuwa kijivu, na sifa hiyo ya AMOLED huisha hapo. Juani kinachokuokoa ni wingi wa niti na uchache wa kung'ara kwa kioo.

Na usiiamini sana ile tarakimu kubwa ya sandukuni. Niti 1,800 huenda zilipimwa katika kijisehemu kidogo cha kioo, sehemu nyingine zikiwa nyeusi, kwa muda mfupi tu. Ukurasa mweupe uliojaa kioo kizima hauwezi kupata nguvu hiyo. Pia simu ikipata joto hujipunguza mwangaza ili isiungue. Ndiyo maana shangazi aliagiza tusimame hapo hapo dakika kumi. Kijana alianza kulalamika kwamba wateja wanampita. Shangazi akamwambia yeye hukaa saa kumi.

Baada ya dakika hizo kumi, AMOLED ilikuwa imefifia kidogo lakini bado inasomeka. Ile ya LCD ilisomeka kwa kuinamiwa.

Tulirudi ndani kwa ajili ya rangi. Kosa la wengi ni kupiga picha kwa simu ya kwanza, wakapiga nyingine kwa simu ya pili, kisha wakalinganisha. Hapo unalinganisha kamera, si vioo. Picha iwe moja. Nilipiga leso ya shangazi, ya zambarau yenye ua jekundu, nikaituma katika simu zote mbili, nikaziweka juu ya leso yenyewe.

Katika LCD zambarau ilipauka, na tulipoinamisha simu upande ikawa kama imefuliwa kwa jivu. Katika AMOLED ua jekundu lilipiga kelele. Hata shangazi, anayependa rangi, alisema leso hiyo si yake. Lakini simu nyingi za namna hii huwa na chaguo mbili au zaidi za rangi katika mipangilio: rangi kali na rangi za kawaida. Zinapotoka kiwandani mara nyingi huwa zimewekwa zile kali, kwa sababu ndizo zinazouza. Tulipobadilisha, leso ya kwenye kioo na ile ya kiunoni zikafanana, au karibu kufanana. Fanya pia hivi: weka karatasi nyeupe kando ya ukurasa mweupe wa simu. Utaona kama kioo kinaelekea ubuluu au umanjano.

Usidhani haya ni madoido. Wanafunzi wengi siku hizi hujisomesha kwa kuuza viatu na nguo za mitumba kupitia WhatsApp. Ukimwahidi mteja blauzi ya damu ya mzee, naye akapokea ya waridi, nauli ya kuirudisha ni yako.

Kijana, alipoona tunasitasita kwa bei, alituelekeza kwa jamaa yake upande wa River Road anayeuza simu zilizotumika, zile ziitwazo "ex-UK". Huko tulipata simu iliyokuwa ya kifahari miaka michache iliyopita, kwa Sh14,000. Kwa kweli ilikuwa na kioo kizuri, na moyo wangu ulianza kudunda. Nikafungua ukurasa wa kijivu mtupu. Kwa chini, kwa mbali sana, kulikuwa na kivuli cha herufi za kuandikia, kama alama ya sufuria iliyokaa muda mrefu mezani. Nukta za vioo vya aina ya OLED huzeeka, na zile zinazowaka sana mahali pamoja huzeeka haraka. Kivuli hicho hakifutiki. Jamaa alisema angetubadilishia kioo kwa bei nzuri. Hapo pia uwe macho. Kioo cha asili cha AMOLED ni ghali, na mafundi wengine huweka cha LCD kinachotoshea, kisha mwenye simu anashangaa kwa nini rangi zimebadilika. Tulimshukuru, tukaondoka.

Kwa wewe mwanafunzi unayesoma usiku bwenini, kuna jaribio jingine ambalo shangazi hakulihitaji. Punguza mwangaza hadi chini kabisa na uone kama bado unachoma macho. Vioo vingi vya AMOLED hujipunguza kwa kuwaka na kuzimika mamia ya mara kwa sekunde. Wengi wetu hatuhisi kitu, lakini wapo wanaoumwa na kichwa. Elekeza kamera ya simu nyingine kwenye kioo hicho. Ukiona mistari mieusi ikitembea, hiyo ndiyo sababu. Na ikiwa wewe ni mtu wa bodaboda anayevaa miwani ya jua, ivae siku ya kununua. Kuna miwani ambayo hukifanya kioo kiwe cheusi ukiigeuza simu upande fulani.

Tulirudi kwa kijana wetu. Sitakuchosha kwa mazungumzo ya bei, ila nikwambie kwamba mtu aliyeuza nyanya kwa miaka mingi hashindwi na muuza simu. Alianzia Sh14,000, kijana akateremka kutoka Sh18,500, na wakakutana kwenye Sh17,000. Shangazi akafungua pindo, akahesabu Sh15,000. Nikaongeza Sh2,000. Hakunishukuru, wala sikutarajia. Lilikuwa deni la ile simu ya kwanza.

Mlangoni tulinaswa na vijana wa protekta. Mmoja alikuwa tayari ameshaipangusa simu na kuchomoa ile ya "siri", inayomzuia jirani wa kwenye matatu kuchungulia. Nilimshika mkono. Protekta hiyo humzuia jirani kwa kula mwanga, na mwanga ndio tulioutafuta tangu asubuhi. Tukachukua ya kawaida, isiyo na rangi. Katika matatu nilikuza maandishi, nikaondoa ule mtindo wa ukurasa mweusi ambao vijana wanaupenda, nikamwekea maandishi meusi juu ya weupe. Juani hayo ndiyo husomeka.

Wiki iliyofuata nilipita Githurai saa nane mchana. Alikuwa anamfungia kijana mmoja maparachichi na vitunguu katika mfuko. Kijana akainua simu yake, akasema ametuma. Shangazi hakuinama wala hakugusa leso. Aliiinua simu usoni, juani palepale, akaitazama kwa muda, akaurudisha mfuko nyuma ya meza.

"Bado haijaingia, kijana," akasema. "Tungoje kidogo."